Jogoo wa Shukrani

Mpaka leo sili jogoo. Mtetea nakula, tena kwa furaha, lakini jogoo akiletwa mezani nasogeza sahani, na wajukuu wangu wanajua wasiniulize kama hawana muda wa kusikiliza hasira za bibi kizee.

Baba yangu alikuwa na duka la nafaka Kariakoo, miaka ile ya hamsini ambapo Mwafrika mwenye duka lake mwenyewe alitazamwa mara mbili. Aliteremka kutoka Kilimanjaro na Biblia moja na shuka moja, hadithi tuliyoisikia kila alipopata mgeni. Hekima kuliko dhahabu, ndiyo ilikuwa kauli yake. Aliwahubiria wateja akiwapimia maharage, akawahubiria wachukuzi waliokuja kushusha magunia, akatuhubiria sisi uani tukichambua mchele. Sulemani aliulizwa na Mungu anataka nini, akaacha mali, akaomba hekima! Mimi niliamini. Ndiyo maana nina hasira. Ningekuwa sikuamini, ningecheka tu.

Nilipofaulu mtihani wa darasa la nne na kuchaguliwa kwenda shule ya kati ya wasichana, ya bweni, mama alilia kwa furaha. Alikuwa na jogoo mwekundu aliyemlea uani tangu kifaranga, akasema huyo sasa ni wa shukrani, atampeleka kanisani. Ilikuwa desturi yetu: asiye na fedha ya sadaka hutoa alichonacho, mayai, mkungu wa ndizi, kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa, fedha zikaingia kwenye sadaka.

Jumapili hiyo mchungaji alihubiri habari za Sulemani, utadhani baba ndiye aliyemwagiza. Baba aliitikia kwa kichwa mahubiri yote. Tulipotoka nje, mzee wa kanisa akamwinua jogoo wetu kwa miguu, akaanza mnada. Baba akataja bei. Mwuza mchele mmoja wa sokoni, mtu wa mlimani kama sisi na mshindani wa baba kwa kila kitu, akapandisha. Baba naye akapandisha. Watu wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na wanaume wawili wazima waliovaa suti wakawa wanagombania ndege mmoja anayenuka banda. Mama alinishika mkono akaukaza. Yeye alijua dukani kumebaki fedha kiasi gani. Ada ya shule nilikuwa nimeikariri tangu siku niliyofaulu, na baba alipomshinda mwenzake, bei aliyoitaja ilikuwa ada yangu ya mwaka mzima. Akalipa papo hapo. Mchungaji akampa mkono mbele ya watu wote.

"Mungu akuongezee, mzee."

Kesho yake asubuhi baba akaniita dukani.

"Mwanangu," akasema bila kuniangalia, akifuta mizani, "shule itasubiri. Mwaka huu mkono hauna kitu. Utanisaidia hapa kaunta."

"Na mwakani, baba?"

"Tutaona. Hekima haiko shuleni tu. Kumcha Mungu ndiko mwanzo wake."

Nyani haoni kundule! Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Mhindu mwuza vitambaa, ambaye baba alizoea kusema kwamba anaabudu mali. Asubuhi hiyo alikuwa mlangoni kwake anawafunga vifungo binti zake wawili, wamevaa sare nyeupe, wanakwenda shule. Niliwatazama mpaka wakakata kona. Mtu ambaye pengine hakuwahi kusimuliwa habari za Sulemani alikuwa amemwelewa kuliko baba yangu. Niliingia nyuma ya kaunta nikiwa na chuki ambayo sikujua mtoto anaweza kuwa nayo.

Jioni jogoo akapikwa. Kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mtoto akiila amekosa adabu, na mke akimnyima mumewe firigisi ni kama amemtukana. Mama alipika, akapakua. Baba akasali sala ndefu, akamwomba Mungu awajalie watoto wake hekima kuliko mali. Niliuma meno mpaka amina. Alipofumbua macho akaitafuta firigisi kwenye sahani yake, akageuza paja, akageuza shingo, hakuiona. Ilikuwa kwenye sahani yangu, nzima, juu ya wali.

"Mama watoto," baba akasema taratibu, "umekosea sahani."

"Sijakosea," mama akajibu. Sikuwahi kumsikia akimjibu vile. "Firigisi ni ya aliyemgharamia jogoo. Jogoo huyu amegharamiwa na binti yako."

Yule mhubiri wa magunia na mizani akanigeukia mimi. Alinitazama, nami nikamtazama, mtoto wa kike uso kwa uso na baba yake, wala sikuinamisha macho. Nikaichukua ile firigisi kwa vidole. Ilikuwa ngumu, nikaitafuna mbele yake polepole mpaka ikaisha. Hicho ndicho nilichopata kutoka kwenye ada yangu ya shule ya kati. Ada nyingine haikulipwa, mwaka ule wala uliofuata.