Viti vya Mtaa wa Bi Genia

Genowefa Pluta, ambaye Chicago nzima ya upande wake ilimwita Bi Genia, alipika chakula cha shule miaka thelathini na mmoja. Nusu ya wanaume wa mtaa wake alikuwa amewahi kuwasimamia mpaka wamalize karoti, na hata walipoota vipara waliendelea kumwogopa.

Januari ile theluji ilianguka siku mbili mfululizo. Bi Genia, na miaka yake sitini na tisa, alishika beleshi akachimba kwa muda wa saa tatu mbele ya nyumba yake mpaka gari lake likapata pa kukaa. Kila alipotoka nalo aliacha kiti cha jikoni pale kumshikia nafasi, kama kila mtu mtaani alivyofanya. Sheria ya jiji haikukitambua kiti hicho. Mtaa ulikitambua.

Jirani mpya wa ng'ambo ya barabara, Profesa Alden Thackrey, alifundisha sheria chuo kikuu, ile ya kupima kila kanuni kwa faida na hasara. Beleshi hakuwa nalo. Alikuja kubisha hodi.

"Bi Genia, kiti chako ni hazina. Tatizo, hakiuzwi. Nafasi inapaswa kwenda kwa anayeihitaji zaidi. Nakupa dola thelathini kwa leo."

"Na gari langu niliweke wapi, kwenye friji?"

"Basi taja bei inayokutosha."

"Mia," akasema Bi Genia, kusudi amfukuze.

Profesa akatoa mia. Bi Genia akazitazama zile noti, akamtazama yeye, akaenda kuliegesha gari lake kanisani.

Habari zikaenea kabla supu haijachemka. Kufika Jumatano, mtaa ulikuwa umeota viti. Watu waliweka viti mahali ambapo hawakuchimba hata kijiko cha theluji. Mzee Zenon, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, aliweka vitano na ubao wa kupigia pasi. Magari yakawa yanazunguka bila pa kutua.

Mwanzoni Profesa alifurahi kama mtoto. "Soko limezaliwa!" Lakini jioni ile alivutana bei na watu kumi na mmoja, kila mmoja akisubiri mwenzake ataje kwanza, na mwishowe akaegesha mbali kiasi kwamba alifika nyumbani masharubu yamekuwa barafu.

"Kila mmoja anang'ang'ania," alilalamika mlangoni kwa Bi Genia. "Gharama ya kuelewana imezidi thamani ya nafasi yenyewe!"

"Umeleta ugonjwa, sasa unataka uji. Ingia, vua viatu."

Asubuhi Bi Genia alipita nyumba kwa nyumba na mwiko mkononi. Hakupiga kelele.

"Zenon, unauza nafasi?"

"Nauza, Bi Genia. Biashara huria."

"Vizuri. Ila kwenye nafasi ambayo hukuchimba, kiti hakikai peke yake. Mwenyewe unakikalia."

"Kwa baridi hii?"

"Vyako ni vitano. Anza na cha kwanza."

Zenon alikaa dakika tisa. Wengine hawakufika hapo. Saa sita mchana vikabaki viti vya waliotoa jasho tu, na magari yakarudi.

Profesa alikuwa dirishani akiandika mbio mbio. "Umepandisha gharama ya kushikilia mali bila kazi!"

"Nimewagandisha makalio," akasema Bi Genia. "Sasa shuka, nikufundishe kushika beleshi. Kunja magoti, si mgongo, profesa! Mgongo hauna vipuri."

Machi Profesa alimwalika Bi Genia darasani kwake. Bi Genia alivaa koti la Pasaka, akasimulia, wanafunzi wakacheka. Kisha kijana mmoja nadhifu akanyoosha mkono.

"Na wazee wasioweza kuchimba?"

"Tunawachimbia."

"Mnalipwa nini?"

"Hakuna."

"Basi faida yenu ni ipi? Lazima ipo."

Bi Genia alimkazia macho yale ya karoti.

"Mama yako anakaa wapi, mwanangu?"

"Buffalo."

"Kule theluji inafika madirishani. Nani anamchimbia?"

Profesa Thackrey akaweka chaki chini. Kijana akainuka, akaomba radhi, akatoka nje na simu yake.