Klabu ya Mwakani

Ninyi wa rika langu mliokulia Kariakoo kabla ya maghorofa mtanielewa. Mtaa wetu, nyuma tu ya soko, ulikuwa wa nyumba za chini zenye baraza mbele na uwani nyuma, na mtoto alikuwa wa mtaa mzima, hata kwa kuchapwa. Asubuhi unaamshwa na harufu ya mihogo ya kukaanga, mchana unacheza rede mpaka jua likupasue utosi, jioni unaitwa kuoga na unajifanya kiziwi. Mpira wa rede tuliutengeneza kwa soksi kuukuu za baba zetu. Ukikupata mgongoni, harufu yake inakuumiza kuliko pigo lenyewe. Siku hizi nikiwaambia wajukuu watoke nje wakacheze, wananiuliza kama huko nje kuna waifai.

Jumamosi baada ya alasiri mpira ulisimama, maana baraza letu lilikuwa la klabu. Hiyo ilikuwa klabu ya wazee wa Kinyamwezi, wenzake Babu waliotoka Tabora. Walikuja Dar vijana, kwa treni, kufanya kazi bandarini na relini, kila mmoja akiapa kwamba akipata cherehani na baiskeli anarudi kwao. Wakazeekea Kariakoo. Walikaa mkekani wakinywa kahawa na kutafuna michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa mpaka vikawa vigumu kama kisigino, na kabla ya kuachana lazima mmoja aseme, "Mimi mwakani narudi." Wenzake wote wanaitikia, "Inshallah." Mtaa mzima ukaiita Klabu ya Mwakani.

Wa kutumwa kahawa alikuwa Mzee Maganga, kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote. Alikuwa na mke, watoto na mvi za kutosha, lakini mbele ya wale wazee aliitwa "kijana" na birika alilibeba yeye. Sisi watoto tulimhurumia sana, tukamwona ni mwenzetu.

Babu aliniambia klabu ilizaliwa na hofu. Mwenzao mmoja alifia mjini, akazikwa kimya kimya, watu wameinamisha vichwa kama wamepotelewa na mzigo wa mtu mwingine. Kwao Mnyamwezi hazikwi hivyo. Anazikwa na mtani. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anamtukana, anazuia jeneza lisitoke, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka. Na mtani wa Mnyamwezi huku pwani ni Mzaramo. Basi wazee wakavuka barabara, wakabisha hodi kwa jirani yao Mzaramo, wakamwomba awe mtani wa klabu. Alipokufa yeye, utani akaurithi binti yake, Bi Mwamvua.

Jamani, Bi Mwamvua! Alikuwa mpika vitumbua, na sauti yake ilitangulia kufika kabla ya harufu ya iliki. Kila Jumamosi alivuka barabara na bakuli kichwani.

"Wapagazi, hamjambo? Mizigo yote bandarini imekwisha, mnangoja nini mjini?"

"Afadhali sisi tunaobeba," Babu anamjibu. "Ninyi mliuza viwanja vyote mkacheza ngoma!"

Wanacheka mpaka kahawa inamwagika. Kisha anawagawia vitumbua, na aliyekuwa mgonjwa anapelekewa nyumbani kwake vyake pamoja na matusi yake.

Binti yake, Zuwena, ndiye shoga yangu wa kufa na kuzikana. Yeye hakuwa akicheka. Mama yake akianza vituko, Zuwena anakimbilia uwani, anajifungia chooni mpaka yaishe. "Mama ananitia aibu," aliniambia siku moja tukila ubuyu, midomo yetu myekundu. "Mimi nikikua sitafanya hivyo. Sitaki." Nikamwambia asitie shaka, wazee wenyewe si wanarudi Tabora mwakani?

Kisha Babu akafa. Nililia mpaka sauti ikakauka. Jeneza likiwa tayari, nikaona koti la Babu linaingia uwani, na kofia ya Babu, na bakora ya Babu. Ndani yake yumo Bi Mwamvua, anatembea kwa kuburuta mguu wa kushoto vilevile, anakohoa vilevile, anatafuta miwani iliyopo usoni vilevile. Akasimama mbele ya jeneza. "Mzee, si ulisema mwakani Tabora? Mbona wanakupeleka makaburini Kisutu? Umekosea treni!" Mama yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajatoa chozi, akacheka kwa kelele. Hapo ndipo akaweza kulia. Mimi pia nilicheka, na mpaka leo nikimkumbuka Babu namwona akitembea, simwoni amelala.

Bi Mwamvua akawazika hivyo wazee wa klabu, mmoja baada ya mwingine. Na kila akimaliza alikuwa akituonya sisi tuliobaki: "Wanyamwezi nawasindikiza kwa kicheko. Sasa siku yangu mkinizika kimya kama mgeni, wallahi sitawasamehe."

Amekufa mwaka huu. Nyumba yake bado ipo, imebanwa na maghorofa mawili kama mtoto katikati ya wajomba wanene. Wajukuu zake walipanga viti vya plastiki vizuri, wakavaa nguo za kufanana, wakazungumza kwa kunong'ona. Kimya, nadhifu, kila kitu sawa. Mimi nikalikumbuka onyo lake. Klabu nzima alibaki Mzee Maganga peke yake, miguu imemwisha, anaishi Magomeni kwa binti yake. Nilimpigia simu kumpa taarifa. Nilipomaliza tu kusema, akakata simu.

Vijana walipojitwisha jeneza, bajaji ikasimama mlangoni. Mzee Maganga akateremshwa. Amejifunga kanga ya kike kifuani, nyingine kichwani, mkononi ana chuma cha vitumbua.

"Vitumbua vya moto!" akaita, kiuno akikizungusha kadiri mifupa ilivyomruhusu. "Wapagazi, kimoja kimoja, mtanifilisi!" Kisha akaketi kizingitini. "Hapiti mtu. Mwanamke huyu kawazika ndugu zangu wote. Leo anaondoka, mimi kaniachia nani?"

"Huyu mzee vipi?" mtoto wa Zuwena akafoka. "Tuna msiba hapa! Mtoeni!" Wengine walishatoa simu wanarekodi. Nikaenda kusimama kando ya Mzee Maganga, nikasema huyu hatolewi na mtu.

Zuwena akatoka ndani, macho yamevimba. Mama mtu mzima, bosi wa watu huko ofisini Posta. Akamtazama yule mzee, kanga kama za mama yake, chuma kama cha mama yake. Nikajua sasa anakwenda kujifungia.

Akashika kiuno.

"Toka mlangoni, mpagazi we! Mzigo uko mbele yako, leo ndiyo umesahau kubeba? Wewe nitakuzika mimi! Na kanzu yako nitaivaa mimi!"

Mzee Maganga alicheka mpaka akapaliwa, halafu akalia kama mtoto, na wanawake wote tukacheka na kulia naye. Akainuka. "Haya, pitisheni," akasema.

Enzi zetu mtu alikutukana asubuhi, na jioni anakuletea uji wa mgonjwa. Leo ukimtania kijana neno moja anakubloku, na msiba ukitokea anakutumia "pole" aliyoinakili kwa mtu mwingine. Baraza letu limekuwa duka la vifuniko vya simu. Michembe siioni, rede siioni, na wa kunipiga na soksi inayonuka simpati hata kwa kumlipa.

Lakini Jumamosi huwa namsindikiza Zuwena Magomeni na bakuli la vitumbua. Vinaungua kidogo, bado anajifunza. Juzi alimsimamisha mzee, akaishika kanzu yake mabegani, akaipima kwa macho mpaka chini.

"Ndefu hii," akasema. "Usife kabla sijaipunguza."

"Sina haraka," Mzee Maganga akamjibu. "Mimi mwakani narudi Tabora."

"Inshallah," tukaitikia.