Kengele Nyuma ya Shabaha

Mimi niliyerudi Garissa kutoka Dubai na diploma ya elektroniki, karo nimejilipia mwenyewe kwa kuosha magari, nimeaibishwa na mbuzi. Bado nacheka.

Nilikuwa nimeunda bunduki ya mazoezi isiyotumia risasi. Inatoa mwanga tu, na mwanga ukigonga ubao wa shabaha, kengele inalia. Jumanne kamanda alikuja kuamua kama nitaajiriwa kuwafundisha askari wa akiba kulenga. Nikafyatua. Kengele! Nikafyatua tena. Kengele! Askari wakapiga makofi. Kichwa kikanivimba, nikaupa ubao mgongo na kufyatua juu ya bega. Kengele!

"Mashallah, mwalimu!" akasema Adeer Abdi, mzee kati ya askari hao; adeer ni ami kwa Kisomali. "Kumbe hata macho huhitaji!"

"Ni elimu, adeer," nikajibu, nikaiweka bunduki mezani ili kamanda anipe mkono.

Kengele ikalia tena. Ikaendelea kulia, na nyuma ya ubao akatokea mbuzi wa Adeer Abdi, kengele shingoni, akitafuna waya wa ubao wangu, tayari umekatika.

Kamanda aliniangalia, akamwangalia mbuzi. "Sasa hii kazi," akauliza, "nimpe nani kati yenu?"