Korongo wa Shangazi alivyoitika sauti ya bonde la Mwakiro

Uu-waang.

Sauti hiyo niliisikia kabla sijaona chochote, wakuu.

Salamu kwenu wote humu. Ninayosimulia yamenipata mwenyewe, na pale nisipojua nitasema sijui.

Ilikuwa alfajiri, Mwakiro, huko Muyinga, Burundi. Ukungu ulikuwa umelijaza bonde kama maziwa kwenye kibuyu, hata mafunjo ya kinamasi hayakuonekana. Kisha ndani ya ule weupe kitu kikaita. Sauti nzito, ya upweke, iliyopita kifuani kwangu kabla ya kufika masikioni.

Niliyekuwa naye, Dada Nadine, akaweka kidole mdomoni. Tukangoja. Hakuna aliyeitika.

Nadine ni mtafiti, mzaliwa wa hapo hapo Mwakiro. Kazi yake ni kuwahesabu wanyama wa kinamasi kwa kuwasikiliza. Mimi alinichukua nimbebee mashine.

Mashine zenyewe ni visanduku vya kijani, kimoja hakizidi mkate wa dukani. Unakifunga kwenye mti uliochomekwa katikati ya mafunjo, unaondoka. Kinaamka chenyewe alfajiri, kinarekodi, kinalala.

Aliniambia wenzake wa baharini huzamisha mashine za namna hiyo wakawasikiliza nyangumi wasiowaona kabisa. Sisi bahari hatuna. Tuna mabonde.

Siku ya kwanza alipofungua laptopu akanionyesha sauti ikiwa picha, nilisahau chai yangu ikapoa. Vyura walikuwa shanga zilizotungwa chini kabisa. Wadudu walikuwa mvua nyembamba juu. Katikati ilisimama milima laini, miwili miwili.

"Hao ni korongo taji," akasema. "Wakiwa wawili huitana na kuitikiana."

Halafu kukawa na mlima mmoja, peke yake. Kila alfajiri, upande ule ule wa bonde. Ndiye niliyemsikia kwenye ukungu.

Sasa twende Gitega.

Anayenilea Gitega ni Shangazi Zaituni, fundi cherehani. Tulirudi naye kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma baada ya amani. Mumewe alizikwa huko huko.

Kitu kimoja mkishike. Siku ya kuondoka kambini, gari likiwa linanguruma, Shangazi alishuka akarudi kufunga mlango wa kibanda chetu cha udongo. Watu walicheka, maana kibanda kilikuwa kinabomolewa siku hiyo hiyo. Akasema asipoufunga, moyo wake utabaki na pa kurudia.

Hapo Gitega mtu alimpa kifaranga cha korongo, umusambi kwa Kirundi. Kwetu kufuga korongo uani ni fahari ya nyumba. Kwa ajili ya lile taji la dhahabu kichwani, Shangazi alimwita Bibi Harusi, ingawa baadaye Nadine alituambia kwamba kwa macho tu huwezi kujua dume na jike.

Alikua miguuni pa cherehani. Wateja wakipiga makofi, anacheza. Manyoya ya bawa moja yakirefuka, Shangazi huyakata asiruke, kwa mkasi ule ule wa vitambaa, huku akimwomba radhi. Watoto wake hawapo, mume hayupo. Jioni anazungumza na ndege.

Na ndege huyo hakuwa akilia. Mguno mdogo tu kooni, basi. Shangazi aliamini ni bubu.

Niliporudi likizo nikiwa na ile sauti ya Mwakiro kwenye simu, nilikuwa na hamu ya kumwonyesha kazi yangu. Nikaunganisha spika ndogo, nikaiweka kwenye kiti uani.

Uu-waang.

Cherehani ikasimama.

Bibi Harusi aliinua kichwa. Akabaki hivyo, mguu mmoja hewani. Kifuko chekundu cha kooni, ambacho miaka yote tulikidhania pambo, kikaanza kujaa. Kisha akaitika.

Wakuu, sina maneno yake, na mimi maneno ndiyo ninayoyapenda kuliko vyote. Bati la jikoni lilitetemeka. Ilikuwa kama nyumba yetu ndogo imegundua kwamba ina chumba kingine kikubwa kuliko vyote, na hatukuwahi kukifungua.

Shangazi akasema polepole, "Kumbe iko na sauti."

Kisha, "We, zima hiyo simu."

Nilimpigia Nadine kwa furaha. Hakufurahi. Alinikanya nisiicheze tena: unamwita kiumbe kwa sauti ya mwenzake ambaye hayupo pale, atatafuta mpaka achoke.

Ndivyo ilivyokuwa. Kila asubuhi Bibi Harusi alisimama langoni, shingo imenyooka, akisikiliza upande wa barabara. Hakucheza tena kwa makofi. Shangazi alishona huku anamtazama, na mishono ikaanza kwenda upande.

Siku moja mkasi ukiwa mkononi, manyoya yakiwa yamerefuka kidogo, akaniuliza.

"Yule wa Mwakiro, iko analia bado?"

Nikasema bado.

"Na hakuna mwenye kumujibu?"

Nikamwambia alivyosema Nadine: hatuwezi kusema anamngoja huyu. Tunachojua ni kwamba hajibiwi.

Akauweka mkasi kwenye droo. Manyoya yalichukua muda mrefu kuota, na muda wote huo alijua anachokipoteza.

Nilichojifunza ni hiki: aliyenyamaza kwako si lazima awe ameridhika. Huenda hajasikia bado kitu cha kuitikia.

Siku hizi visanduku vya Mwakiro vinaleta milima miwili upande ule wa bonde. Nadine hawezi kuapa kwamba mmoja ni wetu. Nilitaka kumtumia Shangazi ile sauti, akakataa. Akitaka kuisikia hupanda gari akaenda mwenyewe.

Mwenye korongo uani, au aliyewahi kumsikia porini, atuambie hapa chini. Nitasoma yote.

Namalizia na asubuhi yenyewe ya kumwachia.

Daktari wa mifugo alishampima. Bibi Harusi alikuwa ameshakaa wiki kadhaa kwenye banda la matete pembeni ya kinamasi, akizoea. Shangazi alifungua mlango, akasogea kando.

Ukungu. Kisha kutoka ndani yake, sauti ile.

Bibi Harusi alitoka akitembea kwa adabu, kama anayepita mbele ya wageni. Kifuko kikajaa, akaitika. Akakimbia hatua chache, mabawa yakafunguka, meupe na mekundu ya kahawia, miguu ikining'inia. Weupe ukammeza.

Banda lilikuwa tupu.

Shangazi akarudi akaufunga mlango.