Barua ya Balozi

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni Sumbawanga na kila mwenye duka anajiona bwana mkubwa. Nilikuwa nesi kijana katika zahanati ya kijiji upande wa Matai, gauni jeupe, saa kifuani, na kiburi tele. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini uliyoyatenda ndani yake hayaendi popote.

Wakati huo Wasukuma walikuwa wameanza kuhamia na ng'ombe wao pembeni mwa msitu. Sisi Wafipa hatukuwapenda, nisikufiche. Ng'ombe wao walikuwa wameukanyaga ulezi wa baba yangu, na hasira hiyo nilikwenda nayo kazini. Tena tulikuwa na utaratibu wetu: boksi la dawa tuliloletewa kila mwezi liliandaliwa kwa watu wa kijiji tu, hivyo mgeni alitakiwa kuleta barua ya balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa karibu wa kuthibitisha kwamba anamjua. Watu wanaoishi porini, nyumba moja hapa na nyingine kule, balozi wao nani? Hilo sikujiuliza.

Asubuhi hiyo alikuja mama wa Kisukuma na mumewe, mtoto mgongoni. Walifika wa kwanza. Wanakijiji walipokuja waliweka madaftari yao ya matibabu mezani, nami nikawaita kwa kuyafuata. Yule mama hakuwa na daftari, basi hakuwa na zamu. Alikaa kwenye benchi mpaka saa saba mchana. Kiswahili hakukijua, mumewe alikijua kidogo.

"Barua ya balozi iko wapi?" nikamwuliza mume.

"Hatuna balozi, daktari. Mtoto anapumua vibaya."

"Kaitafuteni kwanza. Dawa hizi zina wenyewe."

Mtoto sikumshika. Ningemfunua nguo tu, ningeona mbavu zikibonyea kila anapovuta pumzi. Kilikuwa kichomi, na sindano za penisilini zilikuwamo kabatini, hatua tatu kutoka nilipokaa.

Kesho yake mume alirudi peke yake. Alikuwa amezunguka kwa mabalozi wawili. Wa kwanza alimfukuza, wa pili alimwandikia jioni ile. Alinisalimia kwa heshima, akaweka karatasi mezani.

"Barua ndiyo hii," alisema. "Mtoto tumemzika leo asubuhi. Nimeona niilete, msije mkasema hatukutafuta."

Yule baba alipoondoka, mhudumu wetu mzee, Mama Leokadia, aliacha kupiga deki akanitazama.

"Mwanangu, tumefundishwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe mgeni kaja, unamwuliza yeye ni wa nani."

Hakunipikia tena chai mpaka alipostaafu. Mimi nilikwenda msituni kuwaomba radhi wale wazazi, nikakuta wameshahama. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yamezeeka pamoja nami.

Na kinachonikatisha tamaa si hayo tu. Juzijuzi nilipeleka magoti yangu haya hospitali, nikamwona bibi wa Kisukuma anarukwa kwenye foleni kwa sababu hakuelewa alichoulizwa. Nesi aliyemruka nilimfundisha kazi mimi mwenyewe, na kisa hiki nilimsimulia. Nimewasimulia wengi. Wanasikitika, wengine wanalia kabisa, kisha wanarudi mezani kudai karatasi. Sina tumaini kubwa, mwanangu, nisikudanganye.

Lakini kesho unaanza kazi ya unesi, nami sina kingine cha kukupa. Mgonjwa akiingia, mshike kwanza, ndipo umwulize kwao. Asiyejua lugha yako mtafutie anayeijua, umsubiri mpaka mwelewane. Ukiwa na kinyongo na kabila lake, jua kwamba kinyongo hicho kitaingia kazini nawe hata ukijiona mtu mwema, maana mimi nilijiona mtu mwema. Na utaratibu ukikuzuia kumtibu, uvunje. Utaandikiwa barua ya onyo. Ipokee, uitie sahihi, uendelee na kazi. Ni afadhali kuliko barua niliyoletewa mimi.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na akuepushe na mzazi atakayekuja kukuthibitishia kwamba alitafuta.