Maoni ya Jamaa wa Meza ya Dirishani

Jamaa wa meza ya dirishani, katika mkahawa wa michezo ya kompyuta pale mjini Bergen, huja na kikombe chake mwenyewe, maana vya Torunn, mhudumu wa pale, anaviona vichafu. Hupangusa kibodi kwa mkono wa sweta, huvaa hedifoni kubwa kama bakuli, kisha huanza kuguna kama bwana harusi aliyeletewa wali mbichi. Mchezo ni ule wa mnara wa taa, ambamo mchezaji huwindwa na zimwi lililotoka ng'ambo ya nyota. Halionekani kamwe, husikika tu likipumua.

“Zimwi gani hili, dada? Hata paka wangu hashtuki,” humwambia Torunn, na hayohayo huyaandika mtandaoni, ambako wengi humwamini.

Leo Torunn alikuwa akifuta meza alipouona waya wa hedifoni ukining'inia, haujachomekwa popote. Kwa wema, au kwa uchokozi, akauchomeka. Jamaa akaganda, akasawijika uso, akauchomoa kama aliyeshika sufuria ya moto.

“Usiguse vitu vya watu.”

Kisha akavuta kibodi, akaandika kwa kidole kimoja: “Sauti nayo, haina lolote.”