Nilijificha Ndani ya Barua Yangu ya Kuomba Kazi

Aliyetuandikia yuko Maskati na ameomba jina lake tulisitiri. Maneno ni yake mwenyewe.

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mbili, sijaoa. Nilizaliwa Unguja, nikasoma Uingereza mpaka nikapata shahada ya udaktari. Si udaktari wa kutibu. Nilichunguza konokono wanaoeneza kichocho. Baada ya mapinduzi mama yangu alikimbilia huku, nami nikamfuata kwa kuwa hana mtoto mwengine. Nilidhani nitakaa miezi mitatu. Huu ni mwaka wa nne. Mtaani wananiita daktari na kuniletea matumbo yao yanayouma, na riziki yangu ni kumwandikia tajiri mmoja wa Matrah, bandari ya jirani, barua za Kiingereza za kusifia tende na ndimu kavu.

Mwaka jana rafiki yangu aliyebaki Uingereza alinikatia tangazo gazetini. Chuo kikuu kimoja kilitafuta mtafiti wa kichocho, kazi ya miaka mitatu, kwa mtu aliyekwishapata udaktari. Jamani, kazi ile ilinikaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo changu! Walitaka nieleze nimefanya nini. Nami nimelelewa kwamba mtu hajisifu, wenzake ndio wamsifu. Nikaandika kuwa kazi yote ilikuwa ya profesa wangu, mimi nilimsaidia kwa uwezo wangu mdogo. Uongo mtupu. Konokono wale niliwafuga mimi, na dawa ya kuwaua niliipata mimi, profesa yuko likizo.

Wakaninyima. Profesa akaniandikia kwa hasira: "Waliponiuliza, mimi niliwaambia kazi ni yako, wewe ukawaambia ni yangu. Wakaona mmoja wetu mwongo. Sasa nafasi nyengine imetoka. Andika ukweli, maana nastaafu mwaka huu na sitaweza kukusemea tena."

Nimeandika upya. Kila mstari mimi, mimi, mimi, na haya zimenijaa kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Tabu ni kwamba kutoka hapa kunataka ruhusa ya Sultani, na wengi waliokwenda nje hawakuruhusiwa kurudi. Mama analijua hilo. Juzi alitaka nimsomee barua yenyewe kwa Kiswahili, akasikiliza mpaka mwisho.

"Huyu ulomwandika humu ndo weye?"

"Ndiye miye, mama."

"Mbona miaka yote hii hukunambia?"

"Niliona haya."

Akasema, "Basi nenda, mwanangu. Mtu kama huyu kumweka hapa nnamdhulumu. Lakini siku ya kuondoka tutakane radhi kabisa, kama watu wasoonana tena. Usinambie utarudi."

Nikiituma barua nikapata kazi, nitakuwa nimemzika mama yangu yu hai, peke yake katika mji asiouzoea mpaka leo. Nikiichana, elimu yangu yote imekwisha, na nitazeeka nikisifia tende za watu. Nimechoka, na kote nikitazama naona giza.

Nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Nijibuni hata mstari mmoja, ingawa najua jibu lenu litanifika meli ya posta ya kupeleka barua yangu Uingereza imeshaondoka.